Umevua Joho, Sasa Uko Babeli



Vijana wenzangu, kipindi hiki cha mwaka wengi wenu mmetoka kurudisha majoho. Picha zimeshatumwa kwenye makundi yote ya familia, maua yameshanyauka, na wachache waliobahatika tayari wana barua ya ajira mkononi. Wengine bado mnazunguka na bahasha ya vyeti. Nawaombea, na neno la leo ni lenu pia, maana siku yenu inakuja.

Mimi ni mhasibu, niko kazini mwaka wa 11 sasa, na parokiani nimepewa jukumu la kuwalea vijana. Kuna jambo nimeliona miaka yote hii na linanisumbua. Vijana waliokuwa nguzo za TMCS chuoni, waimbaji, wasomaji wa masomo, waongozaji wa Rozari mwezi wa kumi, wakishaanza kazi hatuwaoni tena. Hawajahamia dhehebu lingine. Hawajagombana na padre. Wameyeyuka tu kimyakimya, kama chumvi kwenye maji. Ukikutana naye stendi anakwambia, "Dada, kazi zimebana." Na ni kweli zimebana. Lakini tukikaa chini tukaongea vizuri, unakuta kuna kitu kingine kilitangulia.

Neno letu leo linatoka Kitabu cha Danieli, sura ya 1 na sura ya 6. Chukua Biblia yako uzisome zote mbili kabla hujalala.

Danieli naye alihitimu

Wengi tunamjua Danieli wa tundu la simba. Tunasahau kwamba kitabu chake kinaanza na Danieli mwanafunzi. Mfalme Nebukadneza aliuteka Yerusalemu, kisha akaagiza wachaguliwe vijana wa Kiyahudi wenye afya na akili, wapelekwe Babeli wakafundishwe lugha na maandiko ya Wakaldayo. Masomo yalikuwa ya miaka 3, kama shahada zetu nyingi. Chakula kilitoka meza ya mfalme kila siku, yaani bumu la uhakika kuliko hili letu. Miaka 3 ilipokwisha wakafanyiwa usaili na mfalme mwenyewe, wakafaulu, wakaajiriwa ikulu. Hata jina Danieli alibadilishiwa, akaitwa Belteshaza.

Sasa ndugu yangu, usinielewe vibaya nikisema ofisi yako ni Babeli. Sisemi ofisi ni mahali pa shetani. Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia wale waliopelekwa uhamishoni wajenge nyumba, walime bustani, na wautafutie amani mji ule waliopelekwa, wauombee. Kwa hiyo Babeli ni mahali pa kufanyia kazi na pa kuombea. Ninaposema Babeli nina maana hii: ni mahali ambapo hakuna anayekukumbusha kuwa wewe ni nani. Jina lako la ubatizo halimhusu mtu. Kuna namba yako ya utumishi, kuna meza yako, kuna kazi inayosubiri.

Chuoni tulibebwa

Mliokaa hosteli mnajua habari ya kubebana. Mmoja ana chumba, mwingine hana, wanalala kitanda kimoja mpaka muhula unaisha. Ndivyo imani ya wengi wetu ilivyoishi chuoni. Jirani anakugongea mlango, "Twende Misa." Kwaya ina mazoezi Jumatano na Ijumaa, ukikosa unapigiwa simu. Kwaresima inafika, mnafunga pamoja, mnafuturu pamoja. Hata ukiwa mchovu, ukiwa umekata tamaa kwa sababu ya sapu mbili, kundi linakubeba. Si vibaya. Ni neema kubwa, na Mungu anaitumia. Lakini imani inayobebwa ikishushwa chini ghafla, wakati mwingine miguu haina nguvu.

Kuna tofauti nyingine. Chuoni mtihani ulikuwa na ratiba. Unajua tarehe, unajua ukumbi, unajua namba ya kiti, wiki moja kabla unaanza kukesha. Kazini hakuna anayebandika ratiba ukutani. Mtihani unakuja Jumanne saa 8 mchana. Unaletwa na mtu anayekupenda kabisa, anayekuita "mdogo wangu", na swali lenyewe limeandikwa kwenye karatasi ya kusaini posho. Unatakiwa ujibu hapohapo umesimama.

Kanisa limelijua jambo hili muda mrefu. Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyekuja kuwa padre na baadaye kardinali, alikuwa seminari ndogo wakati wanafunzi wenzake wa zamani walipoingia viwandani. Aliporudi likizo alikuta wamebadilika, wamekuwa wageni kwake na kwa Kanisa. Jambo hilo lilimchoma maisha yake yote. Mwaka 1925 chama alichokianzisha cha vijana wafanyakazi Wakatoliki kikasimama rasmi, na huko ndiko ilikotoka VIWAWA yetu, ile unayoipita ikifanya mkutano nje ya kanisa ukisema "hao ni watu wa parokiani". Yaani chama hicho kilianzishwa kwa ajili yako wewe, uliyetoka shule na kuingia kazini.

Mshahara wa kwanza

Hebu tuzungumze habari ya pesa, maana wahubiri wengi hapa tunapita haraka, na majaribu mengi huanzia hapa.

Chukua kijana aliyeajiriwa sekta binafsi kwa mshahara wa shilingi 700,000 kwa mwezi. Nyumbani wameambiwa "laki saba", na mama amemwambia shangazi, na shangazi amewaambia watu wote wa jumuiya. Sasa fuata hesabu yangu kwa viwango vya kodi vya 2024. NSSF asilimia 10, zinatoka 70,000. Kodi kwenye zile 630,000 zilizobaki ni 42,000. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara, zinatoka 105,000. Kinachoingia benki ni 483,000. Hapo hujalipa chumba, na mwenye nyumba anataka miezi 6 mbele. Hujapanda daladala. Hujamtumia mdogo wako ada. Na kila simu inayotoka kijijini inaanza na, "Sisi tunakutegemea wewe."

Huo mwanya uliopo kati ya laki saba walizozisikia watu na hizo zilizoingia benki ndio mlango. Kijana anaona aibu kusema ukweli. Anakopa kwenye simu ili aonekane. Mwezi wa tatu madeni yanamkaba, na ndipo yule kaka wa ofisini anakuja na maneno matamu: "Mdogo wangu, hapa watu hawaishi kwa mshahara."

Kwa hiyo toba ya kwanza ya mfanyakazi kijana, mimi naona, ni kusema ukweli juu ya mshahara wake. Kaa na wazazi, waoneshe ile karatasi ya mshahara, mstari kwa mstari. Waambie, "Baba, mama, hiki ndicho ninachopata, na hiki ndicho nitakachoweza kutoa kila mwezi." Toa kwa uaminifu, hata kama ni kidogo. Zaka nayo ipange humohumo, siyo kusubiri kinachobaki, maana hakibaki. Wazazi wengi wataelewa. Wengine watanuna kwanza. Vumilia. Heri mama anune mwezi mmoja kuliko wewe uuze jina lako.

Karatasi ya posho

Binti mmoja alikuja kwangu baada ya Misa ya pili. Alikuwa na mwezi wa nne kazini, bado yuko kwenye matazamio. Ofisini kwao ilikuja karatasi ya posho ya semina ya siku 3. Semina haikufanyika. Majina ya idara nzima yalikuwepo, la kwake likiwemo, na mbele ya kila jina kiasi cha fedha. Wote walikuwa wameshasaini, bado yeye tu. Alimwambia aliyeileta kwamba ataisaini kesho. Akaniuliza, "Dada, nikikataa nitaonekanaje? Na kama wakiniondoa?"

Ndugu zangu, swali lake halikuwa la kitoto. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile kinga yake dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimgusi mtu ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Binti huyo alikuwa na minne. Ana mama anayemtegemea. Mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake sikuwa na kazi nyingine mfukoni ya kumpa. Ni rahisi kuhubiri ushujaa kwa kutumia mkate wa mtu mwingine.

Tulifanya jambo moja tu. Tulifungua Danieli sura ya 1, tukasoma polepole jinsi alivyokataa.

Jinsi Danieli alivyokataa

Danieli alikuwa ameamua moyoni kwamba hatajitia unajisi kwa chakula cha mfalme. Uamuzi ulitangulia, akiwa bado mwanafunzi, sahani ikiwa bado haijafika mezani. Hilo ni la kwanza. Ukingoja mpaka karatasi iwe mbele yako na kalamu umeshawekewa mkononi, umechelewa kufikiri. Keti leo, kabla hujaripoti kazini, uandike mambo 3 ambayo hutayafanya hata kwa mshahara gani. Yaandike kabisa, kwa mkono wako. Yapeleke mbele ya Ekaristi.

La pili, Danieli hakusimama juu ya meza kuwaambia wenzake watakwenda motoni. Alikwenda kwa mkuu wa watumishi akaomba. Aliomba! Yule mkuu akamwambia hofu yake: mfalme akiona nyuso zenu zimekonda, kichwa changu ndicho kitakatwa. Danieli hakuidharau hofu hiyo. Akamwendea msimamizi akiwa na pendekezo: tujaribu siku 10, tupe mboga na maji, kisha linganisha nyuso zetu na za wenzetu, halafu utuamulie. Angalia adabu iliyopo hapo. Hapindishi imani yake hata kidogo, lakini hatafuti kumwingiza mtu mwingine matatani ili yeye aonekane mtakatifu.

Kesho yake yule binti alikwenda kwa kaka wa posho, peke yake, bila kupiga kelele, akamwambia, "Kaka, naomba jina langu litoke, maana mimi sikuhudhuria. Siwazuii ninyi, ila mimi naomba nisisaini. Na kazi yoyote ya semina itakayofanyika kweli, nipangeni hata siku nzima."

Mnataka nimalizie kwamba alipandishwa cheo? Hapana. Kazi hakuipoteza, na matazamio aliyamaliza. Lakini mpaka leo hapangiwi safari yoyote, na kwa miezi kadhaa wenzake walikuwa wakinyamaza akiingia chumba cha chai. Alilia sana. Kuna Jumapili alisema, "Dada, kwaya yetu ilikuwa rahisi." Nikamwambia, kweli, ilikuwa rahisi. Siku hiyo tulisali pamoja na sikuwa na maneno mengine ya kumwongezea.

Msalaba, vijana wenzangu, una uzito. Anayekuambia kwamba ukiwa mwaminifu kazini utapendwa na kila mtu, hakukuambia Injili yote.

Wasikute dosari kwenye kazi yako

Tuje sura ya 6. Miaka imepita, Danieli ni mtu mzima, wakubwa wenzake wanamwonea wivu na wanamtafutia kosa. Wakachunguza kazi yake ya utawala, wakakosa. Hawakukuta uzembe wala ufisadi. Wakakubaliana kwamba huyu hatutampata, isipokuwa kwa habari ya sheria ya Mungu wake.

Jiulize: wakiichunguza kazi yako wewe leo, watalazimika kufika kwenye dini yako ndipo wapate la kukushitaki, au wataishia kwenye daftari la mahudhurio?

Maana kuna aina ya Mkatoliki kazini ambaye ananisikitisha. Picha ya Moyo Mtakatifu iko mezani, Rozari iko mkononi, na wateja wamepanga foleni mpaka nje. Anachelewa kila siku kwa sababu "nilipitia Misa". Ndugu yangu, Misa ya asubuhi inaisha, ondoka ukawahi. Chuoni tulizoea asaimenti kufanywa na wawili na kuandikwa majina 8. Tulizoea kusoma usiku wa mwisho na kupata C. Kazini ile C yako ni dawa aliyopewa mgonjwa asiyehusika, ni hati ya mjane iliyopotea kabatini, ni mshahara wa mlinzi uliochelewa siku 9 kwa sababu wewe hukumaliza orodha. Kuna mtu mwisho wa kila karatasi.

Papa Yohane Paulo II aliandika waraka mzima juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, mwaka 1981, na hakuandika kama mtu aliyesikia habari za kazi kwa mbali. Chuo Kikuu chake huko Kraków kilifungwa na Wanazi, akatoka darasani akaenda kuvunja mawe machimboni, kisha akafanya kazi kiwanda cha kemikali. Na kabla yake yuko Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pius XII mwaka 1955 alimwekea sikukuu ya tarehe 1 Mei kama Mfanyakazi. Katika Injili Yosefu hasemi neno hata moja. Yesu alijifunza kazi kwa mtu mkimya.

Mwenyeheri wa ofisini

Kuna kijana wa Kiafrika ningependa umchukue awe rafiki yako mwaka huu wa kwanza wa kazi. Ni Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa Goma, mashariki ya Kongo, mwaka 1981. Alisoma sheria. Akiwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, akawa anawahudumia watoto wa mitaani, kuwafundisha na kula nao. Alipohitimu akaajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua ubora wa bidhaa, na mwaka 2007 akapangiwa Goma, mpakani kabisa na Rwanda.

Kazi yake ilikuwa kuamua kipi kipite na kipi kiharibiwe. Ukaja mchele mbovu. Wenye mzigo wakataka kumpa fedha aupitishe. Akakataa, maana mchele ule ungeliwa na watu. Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa. Alikuwa ametimiza miaka 26 mwezi mmoja tu kabla. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, Kanisa likamtangaza Mwenyeheri, mfiadini.

Fikiria kidogo. Hakuuawa akiwa altareni. Hakuuawa akihubiri sokoni. Aliuawa kwa sababu ya kuifanya kazi yake kama ilivyoandikwa. Ule mchele ungeishia kwenye sahani za watu maskini wa Goma, na wale watoto wa mitaani aliokuwa akila nao wangekuwa miongoni mwao. Naamini aliziona nyuso zao. Aliyezoea kula na watoto wa mitaani akiwa mwanafunzi, akiwa ofisa hawezi kuwapelekea sumu.

Sisemi hivi kukutisha. Wengi wetu hatutaombwa damu. Tutaombwa kutosaini.

Kwa miezi 6 ya kwanza

Nikuachie mambo matatu mepesi, kutoka kwa Danieli huyohuyo.

*Sali mara tatu kwa siku.* Danieli alipiga magoti mara tatu kila siku, dirisha likielekea Yerusalemu, kama ilivyokuwa desturi yake. Sisi Wakatoliki tunayo Malaika wa Bwana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Ni dakika 2. Asubuhi unaisali ukiwa kwenye mwendokasi, mchana ukiwa mezani kwako bila mtu kujua, jioni ukiwa kwenye foleni ya kurudi. Huhitaji kanisa jirani wala mtu wa kukugongea mlango.

*Tafuta Shadraka, Meshaki na Abednego wako.* Danieli hakuwa peke yake Babeli, walikuwa wanne. Wiki ya kwanza tu ukishapata chumba, uliza jumuiya ndogo ndogo ya mtaa huo inasali wapi. Jumamosi alfajiri utachoka, nenda hivyohivyo na kanga yako au kaptula yako. Wale kina mama wakishakujua jina, ukikosa wiki mbili watakuja kukuulizia. Huko ndiko kubebana kwa watu wazima, na safari hii wewe pia utambeba mtu.

*Ilinde Jumapili.* Sheria hiyohiyo ya kazi inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 mfululizo kila wiki. Kama zamu yako inaangukia Jumapili, waulize wenzako kubadilishana, au nenda Misa ya saa 12 asubuhi, au ile ya Jumamosi jioni. Ongea na msimamizi wako mapema na kwa heshima. Wengi wetu Jumapili hatukunyang'anywa na bosi, tuliitoa wenyewe kwa usingizi.

Na kama umeshaanza kazi na umeshasaini ambacho hukupaswa, kitubio kipo. Nenda. Padre alishasikia makubwa kuliko hayo. Rudisha unachoweza kurudisha, na kesho karatasi nyingine ikija utaipokea ukiwa mtu mwingine.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyeshika randa na msumeno Nazareti miaka mingi kabla ya kuhubiri, uwatazame vijana wako wanaoanza kazi. Uwape mikono yenye bidii na macho ya kumwona mtu nyuma ya kila karatasi. Siku ya jaribu, ambayo hawataambiwa tarehe yake, uwape neno la adabu na moyo usiopinda. Wanaokula peke yao kwa sababu ya kukataa uovu, kaa nao mezani. Wanaotafuta kazi na hawajapata, usiwaache wakate tamaa, na utusaidie sisi tuliopata tusiwasahau. Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee. Mwenyeheri Floribert, utuombee. Amina.